Kanisa lipi London? Uchaguzi unaozikabili familia za Afrika Mashariki

Februari 2023 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliunga mkono mpango wa maaskofu wake wa kutoa sala za baraka kwa wenzi wa jinsia moja. Kabla mwezi haujaisha, maaskofu wakuu wa umoja wa makanisa ya Kianglikana ya Kusini mwa dunia, wakiongozwa na Justin Badi wa Sudan Kusini, wakatamka kwamba hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa wa kwanza miongoni mwao. Desemba mwaka huohuo Vatican nayo ikatoa waraka kuhusu baraka kwa wenzi wa namna hiyo, na Januari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika, kupitia Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, wakasema baraka hizo hazifai kutolewa barani mwao. Oktoba 2025 likaja jingine: Sarah Mullally, aliyekuwa Askofu wa London, akatangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza kupewa kiti hicho. Wiki hazikupita nyingi, mtandao wa Waanglikana wahafidhina uitwao Gafcon, unaoongozwa na Laurent Mbanda wa Rwanda, ukatangaza kuukataa mfumo unaozunguka kiti cha Canterbury.

Kila tangazo liliwafikia Waafrika Mashariki wa London kwa simu, likiwa limekatwa kichwa na miguu. Wapo walioelewa kwamba kanisa la mtaani kwao si la Kianglikana tena. Wapo waliodhani maaskofu wa nyumbani wamewaamuru watoke. Wengine wameamua kwamba njia salama ni kuhamia kwenye huduma yoyote inayoongozwa na Mwafrika, iwe ya nani, ifundishe nini.

Mkanganyiko huu umeikuta jamii ambayo tayari ilikuwa njiani. Familia nyingi, hasa zilizofika miaka ya karibuni kufanya kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee, zinatembelea kanisa hili Jumapili hii na lile Jumapili ijayo zikitafuta pa kutulia. Uchambuzi huu unaitazama safari hiyo yote. Mafundisho yana uzito wake na yatajadiliwa. Lakini wazazi wengi wanachagua kwa kusikiliza mahubiri na kwaya tu, ilhali mambo yatakayoamua kama mtoto wao atakuwa bado kanisani akifikisha miaka ishirini yako kwingine: lugha anayofundishiwa, usalama wake, na uwazi wa wale wanaoshika sadaka.

Tulizoea kupangiwa

Mkristo wa Afrika Mashariki, mara nyingi, hakuchagua dhehebu. Wamisionari waligawana nchi, na mtu akapata kanisa kutokana na alikozaliwa. Rungwe ikawa ya Wamoraviani tangu 1891. Kilimanjaro wakaishika Walutheri na Wakatoliki. Kisii ikajaa Waadventista, na Kikuyu ikapata Wapresbiteri kutoka Scotland. Hata Waanglikana hawakuwa kitu kimoja. Misheni yao ya UMCA, iliyohamia Zanzibar mwaka 1864, ililea Mkunazini, Magila na Masasi kwa ubani, mishumaa na maungamo. Misheni yao nyingine, CMS, ambayo mmisionari Krapf aliianzishia kazi Mombasa mwaka 1844, ililea Uganda, Dodoma na sehemu kubwa ya Kenya kwa Biblia na mahubiri, pasipo chembe ya ubani.

Tofauti hizo zililipuka mwaka 1913. Wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, wakashiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la misheni ya Waskoti. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia akawashtaki kwa uzushi maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda, na shauri likapelekwa London kwa Askofu Mkuu Randall Davidson, aliyeitisha washauri wake Lambeth mwaka 1914. Hukumu yake haikumpa ushindi kamili mtu yeyote: hakuna askofu aliyepatikana na uzushi, lakini ibada ya namna ile ikashauriwa isirudiwe. Swali lililokuwa mezani ndilo lile linaloulizwa leo na familia iliyohamia Ilford: Mkristo aliye mbali na kanisa lake anaweza kula Meza ya Bwana kwa wengine? Kanisa la Uingereza limekwisha kulijibu. Tangu 1972, kanuni yake inawakaribisha mezani waliobatizwa wa makanisa mengine yanayokiri Utatu, mradi wanashiriki makwao. Mlutheri wa KKKT au Mmoraviani wa Mbeya hahitaji kujificha nyuma ya nguzo wakati wa komunyo. Kanisa Katoliki bado halifungui meza yake kwa namna hiyo, na mgeni anapaswa kulijua hilo kabla ya kuinuka kwenye benchi.

Kwa hiyo familia iliyopangiwa kanisa kwa vizazi vitatu inafika kwenye mji usiompangia mtu. Nenda katikati ya London uone: kanisa la All Saints liko Margaret Street, na All Souls liko Langham Place, mwendo wa dakika chache kwa miguu. La kwanza lina ubani na misa ya kuimbwa, na mtu wa Masasi atajiona yuko kwao. La pili, alikohudumu John Stott kwa miaka mingi, linajulikana kwa mahubiri yanayochambua Biblia mstari kwa mstari, na mtu wa Dodoma atatulia humo. Yote mawili ni ya Dayosisi ya London. Anayesema «nimekwenda kwa Waanglikana wa Uingereza, sikuwapenda» baada ya kuingia kanisa moja tu hajaona hata robo ya walivyo.

Mji wenyewe ulivyo

Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba waliojitambulisha kuwa Wakristo Uingereza na Wales wameshuka hadi asilimia 46.2, chini ya nusu kwa mara ya kwanza. London ilikuwa chini zaidi, asilimia 40.7. Ukiishia hapo utadhani mji umemwacha Mungu. Lakini hesabu ya mahudhurio iliyosimamiwa na Peter Brierley ilikuta kwamba waendao kanisani London waliongezeka kutoka kama 620,000 mwaka 2005 hadi kama 720,000 mwaka 2012, wakati sehemu nyingi za nchi zilikuwa zikipungua. Walioleta ongezeko hilo, kwa sehemu kubwa, ni wahamiaji.

Namna wahamiaji walivyopokelewa ndiyo iliyozaa makanisa tunayoyaona leo. Watu wa Karibiani waliofika baada ya vita vya pili walikuwa Waanglikana, Wamethodisti na Wabaptisti wa kuzaliwa, na wengi wao walikuta mlango umefungwa au sura zimenuna. Sinodi Kuu iliomba radhi kwa ubaguzi huo Februari 2020, miaka zaidi ya sabini baada ya meli ya Windrush, iliyowaleta wa mwanzo wao, kutia nanga. Waliokataliwa walifungua makanisa yao. Wanigeria na Waghana wakafuata, wakayakuza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Roehampton walihesabu mwaka 2013 makanisa mapya 240 yenye Weusi wengi katika manispaa moja tu ya Southwark. Mengi yalikuwa kwenye maghala na karakana, hasa karibu na Old Kent Road, kwa sababu huko ndiko kodi ilikuwa nafuu. Matokeo yake ni kwamba kanisa linaweza kulazimika kuhama mwenye nyumba akitaka eneo lake, na mengi yalikuwa hayana kibali cha mipango miji cha kulitumia jengo kwa ibada. Mgeni anayeona waumini wanakunja viti haraka kwa sababu saa za ukumbi zimekwisha asiwadharau. Awaulize tu wamekaa hapo muda gani na mkataba wao unaisha lini.

Parokia ya mtaani

Kati ya familia hizi kuna misimamo mitatu. Wa kwanza unasema: sali pale unapoishi. Kwa Waanglikana, kila nyumba ya Uingereza iko ndani ya parokia fulani, na mwenye kuishi humo anahesabiwa kuwa wa parokia hiyo hata kama hajawahi kuingia. Anaweza kuomba ubatizo wa mtoto, ndoa au mazishi bila kuulizwa alikuwa wapi. London imegawanyika: kaskazini ya Thames ni Dayosisi ya London, kusini kwa sehemu kubwa ni Southwark, na mashariki, kuanzia Newham hadi Havering, ni Chelmsford. Wakatoliki wana mpangilio unaokaribiana na huo: Westminster, Southwark na Brentwood. Mkatoliki wa Barking anayemwandikia paroko wa Westminster kuhusu kipaimara cha mwanawe ataambiwa aende Brentwood.

Nguvu ya msimamo huu ni ukaribu. Jumapili ndiyo siku ambayo njia za reli za London hufungwa kwa matengenezo, na mama aliyetoka zamu ya usiku hospitalini hawezi kubadilisha mabasi matatu akiwa na watoto. Kanisa la kutembea kwa miguu ndilo litakaloendelea kuhudhuriwa Februari kwenye baridi. Watoto watawakuta humo wenzao wa shule. Na si kweli kwamba mtu wetu hana nafasi huko. Trevor Huddleston alikuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, kisha akawa Askofu wa Stepney, mashariki ya London, kwa miaka kumi. John Sentamu, aliyeikimbia Uganda ya Amin mwaka 1974, aliongoza parokia ya Tulse Hill, akawa naye Askofu wa Stepney mwaka 1996, na hatimaye Askofu Mkuu wa York. Sanamu ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda aliyeuawa Februari 1977, inasimama juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey tangu 1998. Historia hii ni yetu, na watoto wetu wana haki ya kuijua.

Udhaifu wake hauhitaji darubini. Parokia nyingi zina wazee ishirini na watoto wawili. Ibada ni saa moja, chai dakika kumi na tano, kisha kila mtu kwake. Aliyezoea kutembelewa na jumuiya akiugua atashangaa kuona wiki tatu zimepita bila hodi. Upweke huu umewaondoa wengi kuliko tofauti za mafundisho, na viongozi wa parokia wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Lakini tunapaswa pia kusema kwamba mara nyingi mgeni hukaa benchi la nyuma, hutoka kabla ya chai, halafu hulalamika kwamba hakuna aliyemsalimu.

Ibada ya Kiswahili

Msimamo wa pili ni wa moyo: tumwabudu Mungu kwa lugha tuliyomjulia. Walutheri ndio wenye mfano wa wazi zaidi. Kanisa la St Anne's, lililo chini ya Lutheran Church in Great Britain, limekuwa na ibada za Kiswahili katikati ya London kwa miaka mingi, sambamba na za Kiingereza. Nje ya hapo kuna vikundi vya Watanzania, Wakenya, Wakongo na Waganda vinavyokutana kwenye kumbi za kukodi au makanisa ya kuazima, mara nyingi mchana baada ya wenyeji kuondoka.

Thamani ya vikundi hivi huonekana siku ya msiba. Mtu akifariki London, mwili kurudishwa Moshi au Kakamega ni gharama ya maelfu ya pauni, na ni watu wa ibada ya Kiswahili wanaokaa na wafiwa, wanaochanga, wanaompigia msimamizi wa mazishi, wanaoandamana na jeneza hadi uwanja wa ndege. Hakuna parokia ya Kiingereza inayolijua hilo kwa undani huo. Mgeni wa mwezi wa kwanza, ambaye Kiingereza cha mimbari bado kinampita, hana mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Ugumu uko kwa watoto. Aliyezaliwa Lewisham anakisikia Kiswahili cha jikoni, hasikii Kiswahili cha Waraka kwa Warumi. Akiwekwa kwenye ibada ya saa tatu isiyo na Shule ya Jumapili ya lugha yake, atakaa na simu, na kitu pekee atakachojifunza ni kwamba Mungu ni wa wazazi. Hili wenye vikundi wanalijua na linawauma. Kuna pia umbali, na kuna kwamba ibada nyingi za namna hii hazifanyiki kila wiki, hivyo familia inayozitegemea peke yake inaishi bila kanisa Jumapili nyingi za mwezi. Na siasa za nyumbani, za kikabila au za kidayosisi, husafiri na mizigo. Mgogoro ulioanzia usharikani unaweza kupasua kikundi cha watu arobaini wasiokuwa na pa kukimbilia.

Makanisa makubwa ya kipentekoste

Msimamo wa tatu una mvuto mkubwa kwa vijana. Jesus House ya Brent Cross, ya dhehebu la RCCG kutoka Nigeria, KICC iliyoanzishwa mwaka 1992, na mengine mengi ya ukubwa wa kati, yana muziki wa hali ya juu, madarasa ya watoto ya kila rika, vikundi vya wiki nzima na watu wanaokusaidia kuandika maombi ya kazi. Mahubiri ni ya Kiingereza ambacho mtoto anakielewa, yakitolewa na mtu anayefanana na baba yake. Kwa mtoto Mweusi wa London, kumwona daktari, mwanasheria na mhandisi wa rangi yake wakipiga magoti ni elimu ambayo shule haimpi.

Hatari yake iko kwenye mamlaka ya mtu mmoja. Mwaka 2005 tume inayosimamia asasi za hisani Uingereza ilitoa taarifa ya uchunguzi wake kuhusu KICC, ikakuta usimamizi mbaya wa fedha, na kiongozi wake akakubali kurejesha pauni 200,000. Kanisa hilo lilirekebisha uongozi wake na linaendelea. Kanisa la SPAC Nation halikupata nafasi hiyo: lilijulikana kwa kuwavuta vijana wa magenge ya London, lakini tume ikafungua uchunguzi Desemba 2019, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamuru kampuni iliyoliendesha ifungwe baada ya kushindwa kueleza mahesabu yake.

Zito kuliko fedha ni mafundisho kuhusu uchawi. Siku ya Krismasi 2010, mvulana wa miaka 15 mwenye asili ya Kongo, Kristy Bamu, aliuawa katika nyumba ya ndugu zake Newham akituhumiwa uchawi. Wauaji walikuwa ndugu, si wachungaji, lakini imani waliyoibeba ina mimbari zinazoilisha hata London. Kanisa linalomnyooshea mtoto kidole na kusema ana pepo aliyeleta mkosi nyumbani ni la kutoka siku hiyohiyo bila kuaga.

Nyumba za ndugu tunazozipita

Kabla ya kuhama dhehebu, familia iangalie kama dhehebu lake lipo. Mpresbiteri wa PCEA anaweza kwenda United Reformed Church, iliyowaunganisha Wapresbiteri na Wakongregesheni wa Uingereza mwaka 1972, au kwenye makanisa mawili ya Scotland yaliyo London, Crown Court na St Columba's. Mmoraviani yuko kwenye mji muhimu sana wa historia yake: ushirika wa Fetter Lane ulianza mwaka 1738, jengo lake likaharibiwa kwa mabomu mwaka 1941, na Wamoraviani wangali London, wengi wao sasa wakiwa na asili ya Karibiani. Waadventista hawana shida hata kidogo, kwani wana makanisa karibu kila kona ya mji na Sabato ni ileile.

Yasiyosemwa mimbarini

Shule ndiyo sababu ambayo wazazi hawaitaji kwa sauti. Shule nyingi za Kianglikana na Kikatoliki London zinapojaa huwapa nafasi kwanza watoto wa waumini, na mzazi hujaza fomu ya nyongeza ambayo padre au kasisi hutia saini akithibitisha mahudhurio. Baadhi hudai mahudhurio ya mara mbili kwa mwezi kwa miaka kadhaa. Baadhi ya shule za Kikatoliki hutazama hata tarehe ya ubatizo. Maombi ya sekondari hufungwa 31 Oktoba na ya msingi 15 Januari. Familia inayozunguka makanisa kwa miaka miwili hugundua siku hiyo kwamba hakuna kasisi anayeijua vya kutosha kuisainia. Kwenda kanisani kwa ajili ya shule tu ni unafiki, na watoto huuona upesi. Lakini kuijua kanuni mapema ni busara ya mzazi, na cheti cha ubatizo cha nyumbani kiwekwe mahali salama pamoja na pasipoti.

Ndoa nayo imewaponza wengi. Tangu Machi 2015, kama mmoja wa wachumba ni raia wa nchi ya nje ya Ulaya, kwa kawaida tangazo la ndoa kanisani halitoshi hata kwa Waanglikana. Lazima wote wawili waende kwa msajili wa serikali, na kusubiri ni siku 28, zinazoweza kufika 70. Kanisa lisilo la Kianglikana linapaswa kuwa limesajiliwa kwa ajili ya ndoa. Sherehe iliyofanyika kwenye ghala lisilosajiliwa, hata kama mchungaji alivaa kanzu na watu mia tatu wakala pilau, mbele ya sheria si ndoa, na mwanamke ndiye hulijua hilo kwa machungu siku ya urithi au ya viza.

Kuhusu fedha, Mwingereza amempa muumini silaha ambayo nyumbani hatuna. Kwa kawaida kanisa huru lenye mapato ya zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka linatakiwa kusajiliwa kama asasi ya hisani, na likipita 25,000 mahesabu yake huwekwa wazi kwenye tovuti ya tume ya asasi hizo. Mtu yeyote anaweza kuyasoma kwa simu bila malipo: nani ni wadhamini, wangapi ni wa familia moja, mishahara ni kiasi gani. Kanisa likikuomba ujaze fomu ya Gift Aid, serikali huliongezea peni 25 kwa kila pauni ya mlipa kodi. Usisaini kama hulipi kodi ya kutosha, kwa maana wewe ndiye utakayedaiwa tofauti.

Usalama wa watoto haulindwi na dhehebu lolote peke yake. Askofu Mkuu Justin Welby alijiuzulu Novemba 2024 baada ya taarifa ya Makin kuonyesha jinsi Kanisa la Uingereza lilivyoshindwa kuchukua hatua dhidi ya John Smyth, aliyewatesa wavulana Uingereza na baadaye Zimbabwe. Kwa hiyo asiwepo wa kujivunia jina la kanisa lake. Kinachotazamwa ni utaratibu. Kwenye ubao wa kanisa makini kuna jina na simu ya msimamizi wa ulinzi wa watoto, walimu wa Shule ya Jumapili wamepita uhakiki wa rekodi za uhalifu (DBS), na mtoto habaki chumbani na mtu mzima mmoja. Ukiuliza ukaonekana mkorofi, umeshapata jibu.

Na mafundisho je?

Matamko ya 2023 na 2025 yanahusu uhusiano wa majimbo ya Kianglikana na kiti cha Canterbury. Hayamwagizi muumini wa Nakuru aliyehamia London aiache parokia ya mtaa wake. Ndani ya Kanisa la Uingereza hakuna kasisi anayelazimishwa kutumia sala zile za baraka, na parokia nyingi, zikiwamo kubwa za mrengo wa kiinjili, zimezikataa hadharani. Nyingine zimezipokea kwa furaha. Swali hili humalizwa kwa kumuuliza kasisi mwenyewe, ana kwa ana, naye atajibu. Kuhusu mwanamke kuwa askofu, anayeiona ni ajabu ya Kizungu akumbuke kwamba Butere, Kenya, ina Askofu Rose Okeno tangu 2021. Asiyekubaliana naye ana sababu zake za kimaandiko, na Kanisa la Uingereza limewawekea watu wa msimamo huo maaskofu wao, lakini asidai kwamba anaitetea Afrika.

Lipo pia la kuhofia upande wa pili. Familia inayotoka parokia kwa ajili ya baraka zile, kisha ikaingia kwenye huduma inayouza maji ya upako, imeikimbia tofauti moja ya mafundisho ikaangukia nyingine kubwa zaidi. Injili ya utajiri haijawahi kuwa imani ya Krapf, ya Weston, wala ya Luwum.

Mizani inaelemea wapi

Kwa familia yenye watoto walio chini ya miaka kumi na mitano, mizani inaelemea kanisa la karibu na nyumbani, la Kiingereza, lenye Shule ya Jumapili hai, ulinzi wa watoto unaoonekana na mahesabu yanayosomeka. Liwe parokia, liwe la kipentekoste, liwe la Wamoraviani, hiyo inategemea imani ya nyumba. Ibada ya Kiswahili iwe nyumba ya pili, ya mchana, isiyoachwa, kwa sababu siku ya kifo na siku ya posa ndiyo itakayosimama. Kwa mtu mmoja aliyefika juzi, au wazee waliokuja kukaa na wajukuu, mpangilio ugeuzwe: Kiswahili kwanza.

Kutembelea makanisa nako kuwe na mwisho. Baba, mama na watoto wapange makanisa machache, waende kila moja zaidi ya mara moja, wakae hadi chai iishe, waongee na mlezi wa watoto na mtunza hazina, kisha waamue. Watoto waulizwe, na jibu lao lihesabiwe. Mwaka mzima wa kuzunguka humfundisha mtoto kwamba kanisa ni duka.

Viongozi wa vikundi vya Kiswahili London wanaombwa mambo mawili: msiweke ibada yenu saa ileile ya parokia, na tafuteni mwalimu wa watoto anayefundisha kwa Kiingereza. Na wachungaji wa nyumbani, kabla hamjamuaga msharika uwanja wa ndege kwa maombi, mwandikieni barua ya utambulisho, itajeni tarehe ya ubatizo na ya kipaimara, itieni muhuri. London karatasi hiyo inafungua mlango wa kasisi, wa shule na wa msajili wa ndoa.